Mahindi chotara nyanda za chini za Tanga: dalili za shambani na chanzo chake

Kuanzia Mkata hadi Maramba, malalamiko ya kila msimu ni yale yale: "Mbegu hii feki." Mara chache ni kweli. Mara nyingi mbegu ni nzima, ila imepelekwa mahali pasipo pake, au imechelewa kuingia ardhini, au imesongamana kiasi cha kugombania maji machache yaliyopo. Chotara, yaani mbegu ya wazazi wawili waliochujwa mbali mbali, hata akistahimili ukame hakuzalishwa ili aishi bila maji. Amechaguliwa ili maji yakipungua kwa muda asikatae kubeba. Tofauti hiyo watu wengi hawaambiwi dukani.

Kabla ya kutaja mdudu au ugonjwa wowote, jiulize maswali mawili. Kwanza, dalili imekaaje shambani? Ikiwa shamba zima liko sawasawa, shuku mbegu, tarehe ya kupanda au hali ya hewa. Ikiwa ni viraka, shuku udongo, maji yaliyotuama, kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mazao) au mchwa. Ikiwa ni mistari, tafuta mkono wa mtu: aliyepanda, aliyetia mbolea, aliyepiga dawa bomba likamwishia katikati. Ikiwa ni shina moja moja huku na kule, fikiria wadudu na virusi. Pili, dalili imeanzia wapi kwenye mmea: majani ya chini yaliyokomaa, au machanga ya juu? Majibu ya maswali hayo mawili yanaondoa ubishi mwingi kabla hujafungua mfuko wa pesa.

Mahindi ni marefu, ya kijani, yanapendeza, lakini mvua imekata hayajabeba

Hapa ni mbegu ya mlimani iliyoshushwa bondeni. Mkoa wa Tanga unadanganya kwa sababu ni mmoja kiutawala lakini ni nchi mbili kwa mahindi. Lushoto kuna baridi na msimu ni mrefu. Huko chotara wa H614 na ndugu zake wanaoweza kuchukua miezi sita hivi hadi kukauka wana nafasi yao. Ukishuka Korogwe, Muheza, Pangani au Handeni, huna miezi sita ya maji. Masika huanza katikati ya Machi na kulegea mwishoni mwa Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba na haiaminiki. Mchoo, mvua ya katikati ya mwaka, ukija, ushukuru, lakini usiupangie mahindi.

Kwa hiyo soma ukomavu kwanza, jina baadaye. Mbegu za Seed Co zina wanyama kwenye mfuko, na namba inaeleza zaidi ya picha: mfululizo wa 400 (Tumbili, mfano SC 403) hukomaa mapema, 500 (Punda Milia) hufuata, 600 (Simba) ni wa kati, 700 (Tembo) huchelewa. Mkulima wa Handeni anayechagua Tembo kwa kuwa ni mnyama mkubwa amejichagulia njaa. Kampuni nyingine zina mpangilio wao, lakini mfuko mzuri hueleza siku za kukomaa na mwinuko unaofaa. Mfuko usioeleza hayo, uache dukani.

Kwa masika ya nyanda za chini, aina ya mapema au ya kati inatosha. Kwa vuli, ya mapema tu, na mimi binafsi kwa vuli ya Handeni ningeweka nusu ya shamba mtama au mbaazi.

Kuna wanaokataa chotara wakidhani kila mbegu ya ukame ni ya GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba maabara. Mradi wa WEMA wa mahindi yanayostahimili ukame, ulioanza 2008 kwa nchi tano ikiwemo Tanzania, ulikuwa na njia mbili. Machotara yaliyofika kwa wakulima kwa jina la DroughtTEGO ni ya uzalishaji wa kawaida, mzazi na mzazi. Hapa nchini mahindi ya GMO yaliishia kwenye shamba la majaribio lenye ulinzi pale Makutupora, Dodoma, lililopandwa 2016. Serikali ikaamuru majaribio yasitishwe mwaka 2018. Hayakupata kuuzwa dukani.

Hayakuota, au yameota kwa mapengo

Fukua. Usibishane na shimo kabla hujalifukua. Mbegu ikiwa imevimba na kuoza, udongo ulikuwa na maji mengi au imezama mno. Sentimita 5 zinatosha, 7 kama udongo ni mkavu juu. Ikiwa ipo kavu kama ilivyoingia, mvua ya kwanza ilikudanganya. Ikiwa imechipua kisha kichipukizi kimeungua na kuwa cha kahawia, mbolea ya kupandia iligusana na mbegu. Tia mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Ikiwa shimo ni tupu, mwizi ana miguu: panya, kanga, au kunguru, ambao pwani ya Tanga wamejifunza kufuata mstari wa mche kwa mche. Mche ulioota vizuri ukakutwa umelala, umekatwa usawa wa ardhi, ni kazi ya funza aitwaye sota. Mfukue pembeni ya mche, utamkuta amejikunja.

Mbegu yenyewe unaipima nyumbani kabla ya msimu. Hesabu punje 50, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziache kivulini wiki moja. Zikiota chini ya 45, lawama inaanza kuwa na msingi.

Majani yanajisokota

Angalia saa. Yakijisokota saa nane mchana na kufunguka jioni, mmea unajilinda na jua, hiyo ni kazi yake. Yakijisokota saa tatu asubuhi, maji yamekwisha kwenye mizizi. Ikiwa jirani yako mwenye mvua ile ile na mbegu ile ile hayajasokota, hesabu mashina. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mashina mawili kila shimo, ni kama mashina 18,000 kwa ekari. Lakini kuna tabia ya kutupia mbegu tatu, nne, "zikifa zikifa," kisha zote zinaota na mtu anaona huruma kupunguzia. Shimo la mashina matatu ni 27,000 kwa ekari, nusu zaidi ya yanayostahili, kwenye mvua ambayo haikuongezeka hata tone. Sehemu kavu zaidi za Handeni na Kilindi nashauri 90 kwa 60, mawili mawili, yaani 15,000 hivi. Punguzia miche wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu, na usiione huruma.

Rangi ya majani

Unjano unaoanzia ncha ya jani la chini na kushuka katikati kwa umbo la V ni njaa ya naitrojeni. Jani la chini linaloungua ukingoni, katikati likibaki kijani, ni potasiamu. Rangi ya zambarau kwenye miche ni fosforasi, ama haipo, ama ipo lakini mizizi imeshindwa kuifikia kwa sababu ya baridi au udongo ulioshindiliwa na pawatila. Mistari mipana myeupe karibu na kitako cha majani machanga ni zinki.

Kwa fosforasi, udongo unaamua mbolea. Miteremko ya Usambara ina udongo mwekundu wenye tindikali, na hapo fosfeti ya Minjingu huyeyuka taratibu na kufanya kazi. Kwenye udongo wa matumbawe ya pwani huchelewa mno. Hapo tumia mbolea ya DAP au TSP. Asiyejua udongo wake apeleke sampuli TARI Mlingano, pale Muheza, kituo ambacho kazi yake ya miaka mingi ni udongo.

Na urea ya kukuzia: ukiimwaga juu ya ardhi yenye joto na kuondoka, sehemu nzuri inapaa hewani na unabaki na risiti. Mahindi yakifika magotini, ifukie, kando ya shina kidogo, udongo ukiwa na unyevu. Kwenye nchi kavu igawe mara mbili, ya pili kabla ya mbelewele, yale maua ya kileleni, kutoka. Mvua ikikata kabla ya hiyo ya pili, angalau hujaipoteza, iko stoo.

Mistari myembamba myeupe au ya njano, jani zima, kutoka majani machanga

Huu ni ugonjwa wa milia, wala si upungufu wa mbolea, na urea haitausaidia. Mistari yake imekatikakatika, inafuata mishipa ya jani, na mmea ulioambukizwa mdogo hudumaa na kubeba kibunzi cha aibu. Unaenezwa na vidudu wadogo wanaoruka wanapoguswa majani, jamii ya Cicadulina, ambao hukaa kwenye nyasi na kuhamia mahindi nyasi zinapokauka.

Mengi tunayoyajua kuhusu kidudu huyu yaligunduliwa mkoani kwetu. Kituo cha Amani, juu ya Muheza, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baadaye mtafiti H. H. Storey alifanya kazi pale na kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwamba uwezo wa kueneza milia unarithiwa: kuna vidudu wanaozaliwa na uwezo huo na wengine hawana. Kisha akawatoboa utumbo wale wasio na uwezo, nao wakaanza kueneza. Ukuta wa utumbo ndio uliokuwa unazuia virusi. Wakulima wa Muheza wanaopita njia ya Amani kila siku wengi hawajui hilo.

Shambani jibu ni hili: panda mapema pamoja na majirani, usipande shamba jipya upande ambao upepo unatoka shamba la zamani, ng'oa mimea ya kwanza kuugua. Na chagua aina inayostahimili milia. Kwa ukanda huu TMV-1 na Staha zilitolewa miaka ya 1980 kwa sababu hiyo hasa. Hizo si chotara. Ni mbegu za uchavushaji huria, na asiye na pesa ya chotara asione haya kuzipanda.

Matundu kwenye majani

Wengi huita kila funza "kiwavijeshi" na kupiga dawa moja. Chungulia ndani ya moyo wa mmea. Matundu makubwa yaliyochanika, na kinyesi kama vumbi la mbao lililolowa, ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania 2017, mwaka mmoja baada ya kugunduliwa Afrika Magharibi. Mkamate umgeuze: usoni ana Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba. Vitundu vidogo vilivyopangana mstari mmoja kukatiza jani ni bungua wa mabua. Jani lilitobolewa likiwa bado limekunjwa, kisha likafunguka. Bungua akishaingia kwenye bua, dawa ya juu haimfikii, na jani la katikati hukauka na kuchomoka ukilivuta.

Kwa kiwavijeshi, pita shambani asubuhi mara mbili kwa wiki, kagua mashina 20 sehemu tano tofauti. Mahindi machanga yakiwa na mashina 20 kati ya 100 yenye uharibifu mpya, chukua hatua. Shamba dogo, mchanga au jivu ndani ya moyo wa mmea hupunguza sana, na mkono wa kuponda mayai haujapitwa na wakati. Ukitumia dawa, iwe iliyosajiliwa kwa mdudu huyu, mfano zenye emamektini benzoeti, ipigwe jioni, pua ya bomba ikielekea ndani ya moyo, si juu ya majani kama mtu anayemwagilia bustani. Badilisha aina ya dawa, si jina la chupa tu. Funza mkubwa, mnene, aliyejificha chini ya kinyesi chake, ukimpiga dawa unapoteza pesa.

Viraka vya mahindi yaliyodumaa, yamenyauka ingawa udongo una unyevu

Kiduha. Kwenye udongo uliochoka wa Muheza ya chini utakiona kwa maua mekundu, lakini ukiona maua umechelewa. Kinashambulia kikiwa bado chini ya ardhi. Chukua jembe, chimbua shina moja kwa upole pamoja na bonge la udongo, oshea mizizi kwenye ndoo: vichipukizi vyeupe vilivyojibandika kwenye mzizi wa mhindi ndivyo hivyo. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi. Kwa hiyo chotara wa bei kubwa kwenye kiraka hicho ni kulisha kiduha.

Ng'oa kabla hakijachanua, kila msimu, hata baada ya palizi ya mwisho. Tia samadi, udongo wenye naitrojeni hukipunguza nguvu. Kwa misimu kadhaa panda kunde, karanga au alizeti, ambazo huamsha mbegu zake kisha haziwi mwenyeji, au weka muhogo. Usihamie mtama, uwele wala miwa. Hao nao ni chakula chake.

Mahindi mapya yanakauka kuanzia kingo za majani, madoa ya njano, gunzi halijajaa

Huenda ni mnyauko hatari wa mahindi, unaotokana na virusi wawili kwa pamoja. Kwa Afrika Mashariki uligunduliwa kwanza Kenya 2011, ukafika Tanzania 2012. Hauna dawa. Ng'oa, usipeleke mbegu kutoka shamba hilo mahali pengine, acha nafaka msimu unaofuata, mwite afisa ugani.

Gunzi lina mapengo

Hapa ndipo chotara wa ukame anapoonyesha thamani yake, na ndipo anapolaumiwa zaidi. Kila ndevu moja inayotoka kwenye kibunzi imeunganishwa na punje moja. Ndevu isipopata unga wa mbelewele, punje yake haipo. Za kitako hutoka kwanza, za ncha mwisho. Ukame ukikuta mahindi wiki mbili kabla ya kuchanua, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa, wakati mwingine wiki nzima na zaidi; zinapotoka, unga umeshaisha. Wazalishaji wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walichofanya kwa miaka mingi ni kunyima mahindi maji kwa makusudi na kuchagua yale ambayo ndevu zake hazichelewi. Huo ndio "ustahimilivu" uliomo ndani ya mfuko. Si mizizi ya ajabu.

Kwa hiyo soma gunzi. Punje zilizotawanyika huku na kule: ndevu na unga havikukutana, au wadudu walikata ndevu, au joto lilipita nyuzi 35 na kuua unga. Kitako kitupu, ncha imejaa: ndevu za kwanza ndizo zilizokosa. Ncha tupu: chunguza kwa kucha. Vitundu bapa visivyo na kitu maana yake havikuchavushwa. Vipunje vilivyosinyaa maana yake vilichavushwa, kisha mmea ukavitelekeza kwa kukosa maji au naitrojeni. Shina lisilobeba kabisa, mbegu zikiwa zimesongamana, wala usitafute mchawi.

Huna haja ya kungoja mavuno kujua. Wiki moja hivi baada ya ndevu kutoka, kata kibunzi kimoja. Kwa kisu chembamba pasua maganda kutoka kitako hadi ncha bila kugusa ndevu, yafunue yote, kisha shika kitako ukitikise taratibu, kikiwa kimelala. Ndevu za punje zilizochavushwa huanguka zenyewe mkononi. Zilizobaki zimeng'ang'ania ni punje ambazo hutazipata. Fanya hivyo kwenye mashina matano ya pembe tofauti, utajua hali ya shamba lako kabla ya jirani.

Kwa msimu huo hakuna tiba, isipokuwa kwa vipande vidogo: saa tatu hadi saa tano asubuhi, umande ukikauka, kung'uta mbelewele kwenye mfuko wa karatasi na kumwaga unga wake kwenye ndevu. Tiba ya kweli ni tarehe. Chotara wa mapema nyanda za chini huchanua siku 55 hadi 60 baada ya kupandwa. Aliyepanda katikati ya Machi anachanua katikati ya Mei, mvua ipo. Aliyengoja hadi katikati ya Aprili anachanua Juni, na analaumu mbegu. Ukiogopa kuweka yote kwenye tarehe moja, panda nusu, kisha nyingine siku kumi baadaye, au changanya aina mbili za ukomavu tofauti.

Mwaka jana yalibeba, mwaka huu yamekuwa ya kila urefu

Umepanda mbegu uliyoivuna. Chotara hupata nguvu kwa kukutanisha wazazi wawili waliochujwa mbali mbali. Kizazi kinachofuata kinatawanyika, na mavuno kupungua hata theluthi si ajabu. Mzee mmoja wa Kwamsisi aliniuliza, "Kwa hiyo mmetufunga?" Swali lake ni halali, na jibu langu ni kwamba hesabu iamue: kama mvua na mbolea yako havitoshi kumrudishia chotara gharama yake, mbegu za uchavushaji huria kama Situka au Staha unaweza kuzirudia misimu kama mitatu, ukichagua magunzi mazuri katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.

Yamevunwa vizuri, yameharibika ndani

Chotara mengi yana maganda mafupi yasiyofunika ncha na punje laini. Dumuzi, ambaye sisi tunamwita Scania, hufurahi. Usiache yakaukie shambani kwa kusubiri nafasi. Vuna, anika juu ya turubai, si ardhini. Pima kwa chumvi: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda pembeni, bado yana maji. Kisha weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi yaliyopigwa na ukame na kutobolewa na bungua ndiyo yanayobeba sumukuvu zaidi, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Punje za kijani-njano zenye ukungu usiwape kuku wala usizisage.

Na ikiwa kweli ni mbegu

Shamba zima limeota vibaya, kipimo cha kitambaa kimethibitisha, au aina iliyochipua si ile iliyoandikwa. Hapo una kesi, kama ulihifadhi ushahidi. Mfuko halali una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye namba iliyofichwa. Ikwangue ukiwa bado dukani na uthibitishe kwa simu kama lebo inavyoelekeza, mbele ya muuzaji. Tunza mfuko, lebo, risiti na kiganja cha mbegu iliyobaki hadi uvune. Ukiwa na hivyo vinne, nenda kwa afisa ugani wa kata kabla ya wiki ya tatu, wakati mapengo bado yanaonekana na hayajafunikwa na palizi.